Sura ya Sita: Rangi ya Kijani Juu ya Kinjumbi

Mnara wa simu huanza kufanya kazi kabla haujajengwa. Huanzia kwenye kompyuta ya mhandisi, mara nyingi Dar es Salaam. Mhandisi anaweka nukta kwenye ramani, anajaza urefu wa mnara, aina ya antena na upande inakoelekea, nguvu ya mtambo na masafa yatakayotumika, kisha anabonyeza. Kompyuta inapiga hesabu na ramani inajaa rangi: kijani pale mtandao utakaposhika vizuri, njano pale utakaposhika kwa shida, na pasipo na rangi ndiko usikofika. Kwa rangi hizo maombi ya fedha huandikwa, mkataba hutiwa saini, na vijiji huhesabiwa kuwa vimefikiwa.

Sura hii inaifuata rangi ya kijani hadi Kinjumbi, kata iliyo kaskazini mwa wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, katika nchi ya Wamatumbi. Upande wa mashariki kuna tambarare ya pwani, Somanga na bahari. Upande wa bara ardhi inaanza kukunjamana na kupanda kuelekea vilima vya Matumbi, kulekule ambako Vita ya Majimaji ilianzia, Nandete, mwaka 1905. Watu wake wanalima ufuta, korosho, nazi na chakula, na makazi yametawanyika: kitongoji kimoja kiko mgongoni mwa kilima, kingine bondeni karibu na maji. Mkulima wa ufuta anayeuza kwa stakabadhi ghalani anataka kujua bei ya mnada siku ileile, na akilipwa anataka kuona ujumbe wa malipo akiwa nyumbani kwake, si baada ya kupanda kilima. Kwake yeye, swali la rangi ile ni la maisha ya kila siku.

Ramani ya mtandao ni utabiri. Imetengenezwa kwa kanuni zilizobuniwa mbali na hapa, ikalishwa data za ardhi zilizochukuliwa kutoka angani, na mpakani mwake imewekewa kiwango cha uhakika ambacho mtu aliamua. Kila kimoja kati ya hivyo vitatu kinaweza kukosea, na katika nchi kama ya Kinjumbi mara nyingi vinakosea kwa upande mmoja: vinaahidi zaidi ya kinachopatikana.

Tuanze na safari yenyewe ya mawimbi. Mtambo wa 4G mnarani hutoa nguvu ya kama wati 40. Simu iliyo kijijini inaweza kuisoma ishara ya mnara hata pale kilichobaki ni sehemu moja ya trilioni mia ya wati. Kazi yote ya kutabiri ni kukisia nguvu hiyo inapotelea wapi kati ya mnara na simu. Penye anga tupu hesabu ni nyepesi. Harald Friis, mhandisi Mdenmaki aliyefanya kazi Marekani, aliiandika mwaka 1946. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopokelewa inabaki robo. Lakini sisi hatuishi kwenye anga tupu. Karibu na ardhi mawimbi hugonga udongo, kuta na majani, na mengine hufika kwa njia mbili au tatu yakavurugana. Hapo umbali ukiongezeka mara mbili, kwa mnara wa meta 30, nguvu inabaki kama sehemu moja ya kumi na moja.

Hiyo moja ya kumi na moja ilitoka Japani. Miaka ya 1960 Yoshihisa Okumura na wenzake walizungusha gari la vipimo mjini Tokyo na pembezoni mwake, wakirekodi nguvu ya mawimbi kwa masafa na umbali tofauti, na mwaka 1968 wakachapisha michoro ya mikunjo ambayo wahandisi wa dunia nzima waliitegemea. Mwaka 1980 Masaharu Hata aliigeuza michoro hiyo kuwa kanuni fupi inayoweza kuandikwa kwenye mistari michache. Kanuni hiyo, pamoja na matoleo yake yaliyoongezwa baadaye, bado imo ndani ya programu nyingi zinazopanga mitandao leo. Ina marekebisho kwa mji mkubwa, kwa viunga vya mji na kwa mahali pa wazi. Mahali pa wazi pa Okumura ni mashamba ya Japani. Shamba la mikorosho halimo, wala msitu wa miombo, wala kijiji chenye nyumba zilizojificha chini ya miembe. Mhandisi anayeifanyia hesabu Kinjumbi anachagua “mahali pa wazi” kwa sababu hakuna maghorofa, na kwa uchaguzi huo mmoja ramani inapanuka kwa kilomita nyingi.

Kanuni ya Hata ina upungufu mwingine mkubwa zaidi kwa nchi ya vilima: haikioni kilima kilichokaa katikati ya njia. Inajua masafa, umbali na urefu wa antena za pande mbili tu. Kwa sababu hiyo wapangaji makini hutumia pia modeli zinazofuata sura ya ardhi, kama ile ya Anita Longley na Phil Rice, iliyotoka Boulder, Colorado, nayo mwaka 1968. Hiyo huchora mstari kutoka mnarani hadi kwenye simu, ikasoma mwinuko wa ardhi hatua kwa hatua, na kukadiria mawimbi yatapotezaje nguvu yakilazimika kupinda juu ya kilima. Leo modeli hiyo inapatikana bure. Roger Coudé, Mkanada mpenda redio, aliiweka ndani ya programu yake ya Radio Mobile, na yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuitumia, mwalimu wa sekondari akiwemo.

Tuone kilima kinafanya nini. Tuchukue mfano wa nyumba iliyo bondeni, kilomita 8 kutoka mnarani. Kilomita moja kabla ya kufika nyumba hiyo kuna mgongo wa kilima unaopita meta 40 juu ya mstari unaounganisha antena na simu. Kwa masafa ya megahezi 800, kupinda juu ya mgongo huo pekee kunapunguza nguvu mara 190 hivi. Kwa megahezi 2600 kunapunguza zaidi ya mara 600, na hapo bado hatujahesabu kwamba mawimbi ya juu tayari yalikuwa dhaifu zaidi kwa umbali uleule. Ndiyo maana masafa ya chini yana thamani kubwa vijijini. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipopiga mnada masafa mwezi Oktoba 2022, ya megahezi 700 yalikuwemo pamoja na yale ya 2300, 2600 na 3500. Yale ya juu hubeba data nyingi na hufaa mjini. Ya 700 hupita juu ya kilima na kuingia bondeni, na mtu wa vilima vya Matumbi ana haki ya kuuliza mnara wake umewashwa kwa masafa yapi.

Ila hesabu ya kilima ni nzuri kadiri data ya kilima ilivyo nzuri. Data inayotumiwa na wengi ilichukuliwa kwa siku 11 mwezi Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilipoizunguka dunia kikipima miinuko kwa rada. Kwa miaka mingi nchi zetu zilipewa toleo lenye undani kidogo tu, kipimo kimoja kwa kila meta 90. Toleo la meta 30 lilianza kutolewa kwa umma mwaka 2014, na Afrika ikawa ya kwanza kulipata. Ilikuwa hatua kubwa. Katika mraba wa meta 90, korongo jembamba lenye nyumba sita au saba pembeni yake linaweza kupotea kabisa, likachanganywa na migongo iliyo kulia na kushoto, na kompyuta ikaona mteremko laini. Hata kwa meta 30 kuna tatizo ambalo haliondoki: rada ile ilirudishwa na majani kabla ya kufika chini. Penye msitu mnene iliandika mwinuko wa karibu na vilele vya miti, si wa ardhi. Kwa hiyo msitu ukiwa kati ya mnara na kijiji, unahesabiwa kama kilima. Na ikiwa mtu yuko ndani ya msitu huo, kompyuta inamweka juu ya miti, mahali ambapo angeuona mnara vizuri, wakati yeye yuko chini ya matawi.

Miti yenyewe inastahili sura yake. Mkorosho hauachi majani, una kivuli kizito, na matawi yake hushuka hadi karibu na ardhi. Miombo hupukutisha majani kiangazi, kisha huchipua. Majani mabichi yamejaa maji, na maji hula mawimbi, hasa ya masafa ya juu. Mvua ikinyesha na kuyalowesha, hali inakuwa mbaya zaidi. Basi mtandao wa Machi na Aprili si ule wa Septemba, ingawa mnara ni uleule na simu ni ileile. Sasa fikiria vipimo hufanywa lini. Barabara za vumbi za Kilwa zinapitika vizuri kiangazi. Masika magari hukwama. Gari la vipimo likija, litakuja msimu ambao miombo iko uchi na njia ni kavu, na litapita barabarani, mahali palipofyekwa na pa wazi kuliko nyumba zote za kijiji. Vipimo hivyo ni vya kweli, ila ni vya mahali pazuri na msimu mzuri. Mhandisi akivitumia kurekebisha modeli yake, atakuwa ameifundisha kutarajia mema.

Nimefika kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, na ambalo ramani za rangi karibu zote hulinyamazia. Ramani hizo huonyesha jinsi mnara unavyosikika kwenye simu. Hazionyeshi jinsi simu inavyosikika mnarani. Mnara una wati 40 na antena ndefu iliyo juu ya miti. Simu ya 4G ina sehemu ya tano ya wati moja na antena ndogo iliyobanwa ndani ya kiganja cha mtu. Ni mtu mwenye kipaza sauti cha msikitini akimwita mwenzake ng'ambo ya bonde, na mwenzake anaitikia kwa mdomo mtupu. Tofauti ya nguvu ni mara 200. Mitambo ya mnarani ina masikio makali na hufidia sehemu ya tofauti hiyo, lakini haiimalizi. Matokeo yake kila mtu wa kijijini anayajua: simu inaonyesha vijiti viwili, unabonyeza kutuma picha au kulipa, alama inazunguka, inazunguka, kisha inakwambia ujaribu tena. Vijiti vilisema kweli kuhusu mnara. Havikusema lolote kuhusu wewe.

Hapa pia ndipo panapoeleweka jambo linalowashangaza wengi: kitochi kinapiga mahali ambapo simu janja ya bei kubwa imeshindwa. Simu ya 2G katika masafa ya megahezi 900 inaruhusiwa kutoa hadi wati 2, mara kumi ya simu ya 4G, na sauti ya 2G haihitaji mengi ili ieleweke. Bibi aliyekataa kuachana na kitochi chake hakukataa maendeleo. Ana chombo kinachosikika mbali zaidi. Kata inaweza kuhesabiwa kuwa ina mawasiliano kwa sababu vitochi vinapiga, huku mwanafunzi anayetaka kupakua somo akiwa hana chochote.

Nyumba nayo ina neno lake. Paa la makuti hupitisha mawimbi bila shida kubwa. Bati huyarudisha. Mnara ukiwa juu ya kilima na nyumba ikiwa chini yake, mawimbi huja kwa mshazari kutoka juu na kulikuta bati kwanza, kisha huingia kwa kubahatisha dirishani na mlangoni. Ramani karibu zote hupigiwa hesabu ya mtu aliyesimama nje, simu ikiwa meta moja na nusu kutoka ardhini. Kadiri kijiji kinavyojenga nyumba bora ndivyo rangi ya kijani inavyobaki uani.

Baharini mambo hugeuka. Kisiwa cha Songo Songo, ambako gesi asilia ilianza kuchimbwa na kusafirishwa hadi Dar es Salaam mwaka 2004, kiko mbali na Somanga kiasi kwamba bomba linapita kama kilomita 25 chini ya bahari. Kwa mawimbi hiyo si njia ngumu: hakuna kilima wala mti. Kinachosumbua ni mviringo wa dunia, ambao kwa umbali huo umeinua maji ya katikati kama meta 9 juu ya mstari wa macho, na maji yenyewe, ambayo hurudisha mawimbi na kuyafanya yapigane, yakibadilika kwa kupwa na kujaa. Na kuna siku ambapo hewa kavu ya joto hukaa juu ya hewa yenye unyevu iliyogusana na bahari, ikatengeneza njia inayoyabana mawimbi yasitoroke angani. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia rada iliyokuwa Bombay iliwahi kupokea mwangwi kutoka pwani ya Arabuni, zaidi ya kilomita 2,500, juu ya bahari ileile ambayo majahazi yetu yaliivuka kwa pepo za msimu. Mvuvi aliye mbali anayekamata mnara wa pwani asubuhi moja na kuukosa kesho yake, simu yake haina ubovu.

Turudi bara, kwenye mpaka wa ile rangi. Modeli ikishakadiria nguvu ya mawimbi katika kila mraba, makadirio hayo ni ya wastani. Ukienda na kipimo utakuta mahali pamoja pako juu ya wastani na pengine chini, na tofauti ya kawaida huwa kama desibeli 8, kipimo cha kulinganisha nguvu. Sasa mhandisi achore mpaka wapi? Akiuchora pale wastani unapofikia kiwango cha chini cha simu kufanya kazi, basi mpakani nusu ya mahali panashika na nusu hapashiki. Ramani ni ya kijani, na ukweli ni kurusha shilingi. Akitaka sehemu tisa kati ya kumi zishike hata pale mpakani, inabidi aweke akiba ya desibeli 10. Kwa mnara wa meta 30 na kanuni ya Hata, akiba hiyo inapunguza umbali wa mnara karibu nusu, na eneo la kijani linabaki kama robo ya lile la kwanza. Mnara uleule, mtambo uleule, kilima kilekile. Kilichobadilika ni namba moja kwenye kisanduku cha programu, na namba hiyo haiandikwi kwenye ramani anayoonyeshwa diwani.

Namba hiyo ni ya kisera kama ilivyo ya kihandisi. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kulipia mahali ambapo biashara peke yake isingepeleka mnara. Kampuni hushindana, na inayoomba ruzuku ndogo hupata kazi. Tarehe 13 Mei 2023, Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, kazi iliyogawanywa kwa Vodacom, Airtel, Tigo, Halotel na TTCL, kwa ruzuku ya serikali ya takriban shilingi bilioni 126. Ni kazi kubwa na ya kujivunia. Kuna watu waliopata sauti ya jamaa zao mlangoni kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Lakini itazame hesabu yenyewe: ni mnara mmoja na kidogo kwa kila kata. Kata za Kilwa ni kubwa, na mnara mmoja ukiwekwa penye barabara na watu wengi, vitongoji vya ng'ambo ya mgongo wa pili vinabaki gizani hali kata imeshahesabiwa. Mahali ambapo fedha ni chache hivyo, kuusogeza mnara meta mia tatu kutoka kando ya barabara hadi penye mwinuko unaotazama mabonde mawili kunaweza kuleta faida kuliko vifaa vya ghali. Uamuzi huo hauwezi kufanywa kwa ramani iliyojaa matumaini.

Na taarifa ya kuisahihisha ipo tayari kijijini. Watu wanajua mahali pa kukamata mtandao: kwenye mkorosho fulani, juu ya kichuguu, pembeni ya shule, hatua tano kushoto si kulia. Huo ni upimaji uliofanywa na watu wengi, misimu yote, kwa miaka. Kilichokosekana ni kuuandika kwa namba, na simu yenyewe inaweza kutoa namba hizo. Fungua mipangilio ya simu ya Android, nenda kwenye taarifa za simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya ishara ikiwa imeandikwa kwa namba hasi. Kwa 4G, hasi 85 ni nzuri, hasi 100 ni ya wastani, na ikishuka hadi hasi 115 simu inahangaika. Andika namba, mahali, tarehe, ndani au nje, kisha jaribu kutuma picha moja na uandike kama imekwenda. Darasa moja la sekondari likifanya hivyo katika vitongoji vyote vya kata, kiangazi mara moja na masika mara moja, litakuwa na vipimo ambavyo mhandisi wa Dar es Salaam hana, na ambavyo modeli ya Longley na Rice inaweza kulishwa ili iache kuota.

Kwa upande wa mkataba, ningeomba mistari minne tu iongezwe. Ruzuku ya mwisho ilipwe baada ya vipimo vilivyochukuliwa vitongojini, si barabarani. Vipimo hivyo vifanyike masika. Vipimwe ndani ya nyumba ya bati na nje yake. Na katika kila kituo cha kipimo, pamoja na kusoma mnara unavyosikika, itumwe data kutoka kwenye simu ya kawaida kwenda mnarani, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji.